Tovuti Tuli na Uhai wa Kumbukumbu za Kidijitali: Historia ya Ukurasa Usiotegemea Mfumo wa Kusimamia Maudhui

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya tovuti tuli, yaani tovuti ambayo kurasa zake hukamilishwa na kuhifadhiwa kama faili kabla msomaji hajaziomba, tangu kubuniwa kwa wavuti mwaka 1989 hadi kurejea kwa mtindo huo baada ya mwaka 2008. Hoja kuu ni kwamba masimulizi yaliyozoeleka, yanayoichukulia tovuti tuli kuwa hatua ya awali iliyopitwa na mifumo ya kusimamia maudhui, hayaungwi mkono na ushahidi wa kihistoria. Tovuti tuli na tovuti badilifu zilikuwapo pamoja tangu mwanzo. Kilichozitofautisha ni wakati wa kuunganisha sehemu za ukurasa: ama mwandishi anapohifadhi kazi yake, ama msomaji anapoiomba. Uchaguzi huo, uliofanywa mara nyingi kwa sababu za urahisi wa kuandika, ulikuja kuwa na uzito mkubwa katika kuamua ni kumbukumbu zipi zingeweza kunakiliwa, kuhamishwa na kusomwa baada ya waandishi wake kuondoka.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kujenga tovuti ndogo leo, iwe ya shule, ya chama cha waandishi au ya idara ya chuo kikuu, kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye mfumo wa kusimamia maudhui. Mfumo huo ni programu inayokaa kwenye seva, inayotunza matini katika hifadhidata, na inayompa mwandishi mahali pa kuandikia bila kugusa lugha ya HTML. Kwa mujibu wa takwimu za W3Techs, mmoja tu kati ya mifumo hiyo, WordPress, ulivuka asilimia 40 ya tovuti zote mwaka 2021. Ukubwa huo umefanya njia moja ya kujenga tovuti ionekane kuwa ndiyo njia yenyewe.

Hata hivyo, tovuti ndogo haihitaji mfumo huo ili iwepo. Inahitaji folda. Ndani ya folda hiyo huwamo faili ya ukurasa wa kwanza, ambayo kwa desturi huitwa index.html, faili za kurasa nyingine, faili moja inayoeleza rangi na mpangilio wa maandishi, na picha chache. Kurasa huunganishwa kwa viungo vinavyotaja majina ya faili. Folda ikishanakiliwa kwenye seva, tovuti imekamilika. Msomaji anapoomba ukurasa, seva hutafuta faili yenye jina hilo na kuituma kama ilivyo. Hakuna hifadhidata inayoulizwa, wala programu inayotakiwa kuutunga ukurasa wakati huo. Aidha, folda hiyohiyo ikiwekwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao, kurasa zake hufunguka.

Insha hii inajibu maswali matatu. Je, tovuti tuli ilikuwa kweli hatua iliyotangulia na kisha kupitwa? Ni tatizo gani lililowasukuma wajenzi wa tovuti kuiacha? Na kuachwa kwake kuliigharimu nini kumbukumbu ya maandishi? Maswali haya si ya mafundi wa kompyuta peke yao. Mwanahistoria wa miongo ya karibuni hutegemea vyanzo vilivyochapishwa katika wavuti, na uhai wa vyanzo hivyo hutegemea kwa sehemu jinsi kurasa zake zilivyojengwa.

2.0 Ukurasa kama faili: CERN, 1989–1993

Mwezi Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe kilichopo karibu na jiji la Geneva, aliwasilisha pendekezo la namna ya kusimamia taarifa za kituo hicho. Tatizo alilolieleza lilikuwa la kumbukumbu. Watu wengi walikaa CERN kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha wakaondoka, na mengi waliyoyajua yaliondoka nao. Waliobaki walilazimika kuanza upya kutafuta jinsi kifaa fulani kilivyoundwa au kwa nini uamuzi fulani ulifikiwa. Kwa maneno mengine, wavuti ilizaliwa kama jibu la swali la upotevu wa taarifa, na si kama chombo cha biashara au burudani. Jambo hili lina umuhimu katika kuyapima yaliyofuata.

Kufikia mwisho wa mwaka 1990, Berners-Lee alikuwa ameandika seva ya kwanza na kivinjari cha kwanza kwenye kompyuta aina ya NeXT. Robert Cailliau, mhandisi Mbelgiji, alishirikiana naye katika kuusukuma mradi ndani ya kituo. Kivinjari hicho cha kwanza kilikuwa pia kihariri: aliyesoma ukurasa aliweza kuandika ukurasa mwingine kwa chombo kilekile. Lakini programu hiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu. Kivinjari kilichoandikwa na Nicola Pellow, kilichokusudiwa kutumika kwenye kompyuta za aina nyingi, kilionyesha maandishi matupu na kilikuwa cha kusoma peke yake. Hivyo basi, wavuti ilipotoka nje ya CERN, ilitoka ikiwa imetenganisha kusoma na kuandika. Pengo hilo ndilo ambalo mifumo ya kusimamia maudhui ilikuja kuliziba miaka kumi baadaye.

Kwa upande wa seva, mpango wa awali ulikuwa mwepesi: anwani ya ukurasa ilielekeza kwenye faili iliyomo katika folda. Lakini itakuwa kosa kudai kwamba wavuti ya mwanzo ilikuwa tuli kikamilifu. Moja ya huduma zilizowavutia wafanyakazi wa CERN ilikuwa orodha ya simu ya kituo, iliyotolewa kutoka kwenye kompyuta kuu kupitia programu ya kati. Vilevile, seva ya kwanza ya wavuti nchini Marekani, iliyowekwa na Paul Kunz katika kituo cha SLAC huko California mwezi Desemba 1991, ilikusudiwa kuwapa wanafizikia njia ya kupekua SPIRES, hifadhidata ya machapisho ya taaluma yao. Mtafiti aliuliza, na jibu likatungwa papo hapo.

Ushahidi huu unatosha kulikataa dai kwamba tovuti badilifu ni mtoto wa tovuti tuli. Ni pacha wake. Tangu mwaka wa kwanza, kila namna ilikuwa na kazi yake: faili kwa maandishi yaliyokamilika, na programu kwa maswali ambayo majibu yake hayakuweza kuandikwa kabla. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba programu za msingi za wavuti ni mali ya umma. Kuanzia hapo, yeyote mwenye seva aliweza kuchapisha, na namna zote mbili zilienea pamoja.

3.0 Tatizo la kurudiarudia

Ikiwa tovuti tuli ni nyepesi kiasi hicho, kwa nini iliachwa na wengi? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ugumu wa HTML. Jibu hilo halitoshelezi. Katika miaka ya 1990, watu wengi wasio na mafunzo ya kompyuta walijifunza HTML kwa kutazama msimbo wa kurasa za wenzao, jambo ambalo vivinjari viliruhusu. Huduma ya GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuja kujaa kurasa za watu wa kawaida: wapenzi wa muziki, wanafunzi, na wazee waliokuwa wakiandika nasaba za koo zao. Lugha ya alama haikuwazuia.

Ugumu halisi ulijitokeza pale kurasa zilipoongezeka. Chukulia tovuti yenye kurasa 30, kila mmoja ukiwa na kichwa, orodha ya viungo na anwani ya mawasiliano chini yake. Namba ya simu ikibadilika, faili 30 hazina budi kufunguliwa na kurekebishwa. Moja ikisahaulika, tovuti inajipinga yenyewe. Sehemu zinazofanana katika kurasa zote ndizo zilizowachosha waandishi, na historia ya ujenzi wa tovuti inaweza kusomwa kama historia ya majaribio ya kuliondoa tatizo hilo moja.

Jaribio la kwanza lilihusu sura ya kurasa. Mwezi Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa CERN, alipendekeza kwamba maelezo ya rangi, herufi na nafasi yatengwe na matini. Toleo la kwanza la kanuni hizo, CSS, lilipitishwa Desemba 1996. Kuanzia hapo, faili moja iliweza kutawala sura ya tovuti nzima. Lakini CSS haikugusa maneno yenyewe. Orodha ya viungo iliendelea kurudiwa katika kila faili.

Jaribio la pili liliuachia kazi upande wa msomaji. Netscape Navigator 2.0, iliyotolewa mwaka 1996, iliruhusu dirisha la kivinjari kugawanywa katika fremu, ili orodha ya viungo ikae katika fremu moja na matini katika nyingine. Kurudiarudia kuliondoka, lakini kwa hasara: anwani iliyoonekana juu ya kivinjari haikubadilika msomaji alipohama kutoka matini moja hadi nyingine, hivyo ilikuwa vigumu kumwelekeza mtu kwenye ukurasa mahususi. Kwa mtafiti anayetaka kutaja chanzo, hasara hiyo haikuwa ndogo. Kanuni za HTML5, zilizopitishwa mwaka 2014, ziliziweka fremu za aina hiyo miongoni mwa mambo yasiyopaswa kutumiwa tena.

Jaribio la tatu liliuachia kazi upande wa mwandishi. Programu za kuhariri kurasa, kama Dreamweaver iliyotolewa na Macromedia mwaka 1997, zilikuja kuwawezesha waandishi kutunza violezo na kurekebisha faili nyingi kwa mara moja. Jaribio la nne liliuachia kazi upande wa seva: seva ya NCSA, iliyoandikwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, iliweza kusoma agizo fupi ndani ya ukurasa na kuchomeka pale yaliyomo katika faili nyingine kabla ya kuutuma. Agizo hilo lilikuwa dogo, lakini lilihamisha jambo kubwa. Ukurasa aliousoma msomaji haukuwa tena faili iliyomo kwenye folda. Ulikuwa zao la seva.

4.0 Ukurasa unaotungwa wakati wa kusomwa

Mwaka 1993 timu hiyohiyo ya NCSA iliweka utaratibu uitwao CGI, ulioiwezesha seva kuendesha programu yoyote na kumtumia msomaji matokeo yake. Kilichofanywa na CERN na SLAC kwa mahitaji yao wenyewe kikawa njia ya wote. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf alitoa zana alizoziandika ili kufuatilia waliotembelea wasifu wake wa kikazi katika wavuti. Zana hizo zilikua na kuwa lugha ya PHP. Mwaka huohuo ilitoka hifadhidata ya MySQL, iliyoundwa nchini Sweden. Vyote viwili vilipatikana bila malipo kwa watumiaji wengi, na kampuni za kukodisha nafasi kwenye seva zilianza kuviweka pamoja katika huduma za bei nafuu.

Katika mazingira hayo ilizaliwa mifumo iliyokuja kutawala. Drupal ya Dries Buytaert ilitolewa mwaka 2001. WordPress ya Matt Mullenweg na Mike Little ilitolewa Mei 2003, ikiwa imechipuka kutoka programu ya awali iliyoitwa b2. Katika mifumo hii matini huwekwa kwenye hifadhidata, violezo huwekwa mahali pengine, na ukurasa hutungwa msomaji anapouomba. Tatizo la kurudiarudia lilimalizika. Pamoja na hayo, mwandishi alirudishiwa kile kilichopotea tangu kivinjari cha kwanza cha Berners-Lee: uwezo wa kuandika ndani ya wavuti yenyewe.

Ni haki kuupa ushindi huo uzito wake. Ofisi yenye waandishi watano haikuhitaji tena fundi mmoja aliyeshika ufunguo wa kila neno. Mhariri aliweza kusahihisha kosa saa nne usiku bila kumwamsha mtu. Tasnifu inayotaka kuitetea tovuti tuli haina budi kuanza kwa kukiri kwamba mifumo hii ilipanua idadi ya watu wenye uwezo wa kuchapisha.

5.0 Njia iliyosahaulika

Pamoja na hayo, ushindi huo haukuwa wa lazima. Kati ya mwaka 1999 na 2004 kulikuwapo njia nyingine, ambayo masimulizi ya kawaida huiruka. Blogger, iliyoanza mwaka 1999, ilimpa mwandishi mahali pa kuandikia, lakini iliweza kuzituma kurasa zilizokamilika kwenye seva ya mwandishi mwenyewe zikiwa faili. Movable Type, iliyotolewa Oktoba 2001 na Ben na Mena Trott, ilitunza matini katika hifadhidata, kisha ikajenga upya faili za HTML kila mwandishi alipohifadhi mabadiliko. Msomaji alipokea faili tuli.

Mifumo hii inaonyesha kwamba mstari wa kugawanya haupiti kati ya kuwa na mfumo na kutokuwa nao. Unapita kati ya nyakati mbili za kutunga ukurasa. Movable Type ilikuwa mfumo kamili wa kusimamia maudhui, na bado tovuti zake zilikuwa tuli kwa msomaji na kwa yeyote aliyetaka kuzinakili.

Kilichoidhoofisha njia hiyo kilikuwa cha kiufundi kwa sehemu na cha kisheria kwa sehemu. Kiufundi, kujenga upya mamia ya faili kila yalipotokea mabadiliko kulichukua muda katika seva za wakati huo, wakati WordPress ilionyesha mabadiliko mara moja. Kisheria, toleo la 3.0 la Movable Type, la Mei 2004, lilikuja na masharti mapya ya leseni na malipo yaliyowakera watumiaji wengi. Baadhi yao walihamia WordPress, iliyokuwa programu huria. Blogger nayo ilisitisha mwaka 2010 huduma ya kutuma faili kwenye seva za waandishi. Hivyo, watu walioihama njia hiyo hawakuwa wamefikia uamuzi kwamba ukurasa tuli ni duni. Waliikimbia bei na kuusubiri ujenzi.

Mwishoni mwa mwaka 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waasisi wa GitHub, alitoa programu ya Jekyll. Mwandishi huandika matini katika faili za maandishi ya kawaida, mara nyingi kwa alama nyepesi za Markdown zilizobuniwa na John Gruber mwaka 2004. Programu huchukua matini na violezo, huvichanganya kwenye kompyuta ya mwandishi, na kutoa folda ya kurasa zilizokamilika. Hugo ya Steve Francia, ya mwaka 2013, ilifuata mkondo huohuo. Jekyll haikuwa uvumbuzi wa kitu kisichokuwapo. Iliuhuisha utaratibu wa Movable Type na kuuondolea hifadhidata. Tofauti hiyo ina maana kwa mwanahistoria, kwani matini asilia nayo ni faili. Ikitunzwa kwa Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kila badiliko hubaki na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Mhakiki wa matoleo ya matini hapati daftari la namna hiyo katika vyanzo vingi vya karatasi.

6.0 Gharama ya ukurasa unaotungwa

Programu inayotunga ukurasa ni lazima iwe hai wakati wote, na kilicho hai kinahitaji kutunzwa. Tarehe 15 Oktoba 2014 wasimamizi wa Drupal walitangaza kasoro iliyomwezesha mtu asiye na nywila kuingiza maagizo kwenye hifadhidata ya tovuti. Wiki mbili baadaye walitoa onyo kwamba kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo hilo ichukuliwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Kipimo hicho cha saa kinaeleza hali yenyewe. Taasisi yenye fundi mmoja anayefika ofisini saa mbili asubuhi ingeweza kuchelewa akiwa amelala. Folda ya faili tuli haina mlango wa aina hiyo. Seva inayoibeba inaweza kushambuliwa, lakini ndani ya folda hamna programu ya kudanganywa wala hifadhidata ya kuingiliwa.

Gharama ya pili ni ya uhai. Mfano unaofahamika ni tovuti ya filamu ya Space Jam, iliyojengwa mwaka 1996. Ilibaki mahali pake kwa takribani miaka 25, na ilipohamishwa mwaka 2021 ili kupisha filamu mpya, ilipewa anwani nyingine ikaendelea kufunguka katika vivinjari vya kizazi kingine kabisa. Kwa upande mwingine, tovuti iliyotungwa kwa toleo la zamani la PHP na MySQL haiwezi kufunguliwa kwa kunakili folda yake peke yake. Inadai toleo linalolingana la lugha, hifadhidata iliyosafirishwa kwa usahihi, nywila ya kuifungua, na mtu anayejua jinsi vitu hivyo vilivyofungamana.

Hata hivyo, itakuwa kurahisisha mambo kudai kwamba utuli huleta uhai kwa wenyewe. Yahoo, iliyoinunua GeoCities mwaka 1999, iliifunga Oktoba 2009. Kurasa zake nyingi zilikuwa faili za kawaida, na zingepotea zote. Ziliokolewa kwa sehemu na watu wa kujitolea wa Archive Team pamoja na Internet Archive, asasi iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, waliozinakili kabla ya mlango kufungwa. Utuli uliurahisisha uokoaji huo, lakini haukuufanya wenyewe. Hata ukurasa wa kwanza wa wavuti unathibitisha hili. CERN ilipoamua mwaka 2013 kuirejesha tovuti yake ya kwanza katika anwani ya awali, nakala iliyopatikana ilikuwa ya mwaka 1992. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeandikwa juu yake tena na tena. Mradi uliobuniwa kuzuia upotevu wa taarifa ulipoteza mwanzo wake wenyewe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo lililokosa daftari.

7.0 Mipaka ya tovuti tuli

Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilitoa mfano unaoonyesha kwa uwazi mpaka wa kila njia. Sehemu ya maelezo ya tovuti ya HealthCare.gov, iliyozinduliwa upya mwezi Juni, ilijengwa kwa Jekyll na kutolewa kama kurasa tuli. Sehemu ya kujiandikisha kwa bima, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba, ilikuwa mfumo tofauti uliotakiwa kuwasiliana na hifadhidata nyingi, na ilielemewa tangu siku ya kwanza. Si sahihi kuhitimisha kwamba sehemu ya pili nayo ingejengwa tuli. Maombi ya bima hayawezi kuandikwa kabla mwombaji hajafika. Funzo lililopo ni kwamba mahitaji ya sehemu moja hayakupaswa kuilazimisha tovuti nzima iwe ya namna moja, na kwa hakika hayakuilazimisha.

Mpaka mwingine ni wa kijamii. Tovuti tuli inahitaji mtu anayeweza kufungua faili bila woga. Pale ambapo mtu huyo ni mmoja, kuondoka kwake huacha folda nzima lakini isiyoguswa na yeyote: inasomeka, ila imekoma kukua. Mfumo wa kusimamia maudhui humpa katibu au mwalimu uwezo wa kuandika leo. Tovuti tuli humpa mtafiti wa kesho uwezo wa kusoma. Mvutano kati ya haki hizi mbili ni wa kweli, na haumalizwi kwa kuisifu teknolojia moja.

8.0 Maana yake kwa kumbukumbu za Kiswahili

Katika pwani ya Afrika Mashariki suala hili lina upande wake. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kufanya kazi Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ikifuatwa na TEAMS na EASSy, mawasiliano ya intaneti na dunia ya nje yalitegemea zaidi setilaiti, yaliyokuwa ghali na ya kusuasua. Katika hali hiyo, folda iliyoweza kubebwa kwenye diski na kusomwa bila mtandao ilikuwa na manufaa ya moja kwa moja. Kebo zilipunguza umuhimu wa hoja ya kasi, lakini hazikugusa hoja ya uhai.

Tasnifu za Kiswahili za leo huhifadhiwa katika hazina za vyuo vikuu, na hazina za aina hiyo duniani kote huendeshwa kwa wingi na programu kama EPrints, iliyotoka Chuo Kikuu cha Southampton, na DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na MIT kwa ushirikiano na kampuni ya HP. Programu hizi ni badilifu, na zina sababu ya kuwa hivyo: msomaji hutafuta kwa jina, mwaka na mada, kama mwanafizikia alivyoipekua SPIRES mwaka 1991. Lakini tasnifu yenyewe, ikishapitishwa, ni matini iliyokamilika. Haibadiliki kwa sababu msomaji mmoja ameiomba. Kwa mantiki ya insha hii, kitu kilichokamilika kinastahili kutunzwa katika umbo lililokamilika. Nakala tuli ya hazina, yenye ukurasa mmoja kwa kila tasnifu, faili ya tasnifu kando yake, na orodha za majina na miaka, ingeweza kukaa kwenye diski katika maktaba zaidi ya moja na kufunguka siku ambayo seva kuu imezimika. Nakala hiyo haingechukua nafasi ya mfumo wa kutafutia, bali ingeufanya mfumo huo usiwe mlango pekee wa kuingilia.

9.0 Hitimisho

Imebainika kwamba tovuti tuli haikuwa hatua iliyopitwa. Ilikuwapo pamoja na tovuti badilifu tangu 1991, ilidumu ndani ya mifumo kama Blogger na Movable Type, na ilirejea kwa jina jipya mwaka 2008. Imebainika pia kwamba kilichowahamisha waandishi wengi kilikuwa tatizo la kurudiarudia, na kwamba tatizo hilo lilikuwa na masuluhisho zaidi ya moja. Suluhisho lililoshinda lilimpa mwandishi wepesi na likamwachia mtunza kumbukumbu mzigo ambao haukuonekana hadi programu zilipochakaa na watunzaji wake kuondoka.

Swali lililoulizwa CERN mwaka 1989, la namna ya kuzuia taarifa zisiondoke pamoja na watu, bado ndilo kipimo kinachofaa. Kwa kila tovuti ya taasisi inafaa kuuliza kama fundi aliyeijenga akiondoka na mkataba wa seva ukiisha, kilichobaki kitaweza kusomwa na mtu mwenye kompyuta ya kawaida na kivinjari. Panapokuwa na jibu la ndiyo, jina la programu iliyotumika si jambo zito. Panapokuwa na jibu la hapana, wakati wa kutengeneza nakala tuli ni sasa, fundi huyo akiwa bado yupo kazini.